Mgawaji wa Mirija

Mrija ukikauka hupasuka, na ukipasuka mtu hunywa hewa. Hilo nilijifunza kwake. Kila Jumapili alasiri, kabla mtungi haujafunuliwa, alimwomba mwenye pombe maji ya moto kidogo kwenye kibuyu kilichokatwa, akailaza humo mirija yake ya matete, akaketi kando kuingoja ilainike. Hakuna aliyemharakisha. Ukungu wa Busunzu uliteremka taratibu juu ya migomba, moshi wa majikoni ukapanda kuupokea, na sisi sote, watu wazima na akili zetu timamu, tukakodolea macho kibuyu kimoja cha maji. Nikiikumbuka miaka ile ya sabini, kwanza nakiona kibuyu, kisha mikono yake. Uso wake hunijia baadaye, tena kwa shida.

Tulimwita Mgawaji. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia, hata mkewe. Kazi yake ilikuwa hiyo moja. Watu wakishaketi duara kuuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi, aliutoa mrija mmoja majini, akaukung'uta, akaupuliza ili asikie kama njia iko wazi, halafu akaanza kuutazama mduara, sura moja baada ya nyingine, polepole. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mrija wa kwanza hauna uhusiano wowote na kiu. Anayepewa wa kwanza ndiye mkubwa pale, na neno atakalolisema Jumapili litatembea mpaka mashambani Jumatatu. Anayepewa wa mwisho naye anajijua, na mkewe pia anajua kabla hajafika nyumbani.

Haya nayajua kwa uchungu, maana mimi nilikuwa binti wa mwenyekiti wa kijiji, na baba yangu hakuwahi kupewa mrija wa kwanza. Alikuwa na muhuri, alikuwa na meza, alikuwa na bendera mlangoni. Mrija alipewa karibu na mwisho, baada ya wapiga ngoma.

Kijiji kilikuwa kipya. Serikali ilikuwa imewateremsha watu kutoka milimani, kila ukoo ukiiacha migomba yake nyuma, ikawapanga mistari kando ya barabara. Kila mlima ulishuka na wazee wake, na wivu wake, na kumbukumbu za nani alimdharau nani kwenye harusi ya nani. Huko juu kila mtu alijua mahali pake pa kuketi. Hapa chini, barabarani, hakuna aliyejua, na watu wa mlima mmoja wasingekubali kupangwa na watu wa mlima mwingine hata kwa kufa. Lakini Mgawaji aliwapanga, nao wakapangika.

Niliwahi kumuuliza bibi mmoja wa mlima wa juu, mtu wa maneno mengi, Mgawaji amewekwa na nani.

"Huyo?" akasema. "Huyo ni wa watu wa ng'ambo ya mto. Walikuja naye. Sisi tunawaheshimu tu, mwanangu, tusije tukaitwa washenzi."

Nikawauliza watu wa ng'ambo ya mto. Wakacheka. "Oya, hapana, si wetu. Huyo ni wa mlima wa juu, tangu enzi za utawala wa Mwami. Wao ndio wanamjua." Nikadhani upande mmoja umesahau, nikaliacha hilo.

Ungemwona siku za kazi usingemdhania kitu. Alikuwa mfupi, mwenye magoti makubwa, na alilibeba jembe lake begani kila asubuhi kwa heshima zote. Sijakutana na mtu aliyewahi kuliona likiingia ardhini. Tumbaku yake aliificha kwenye pindo la shuka ili asiombwe, huku ya wenzake akiiomba bila haya. Na alikuwa mwongo, tena mwongo mzuri. Siku moja alikuwa amekwenda Bujumbura kwa miguu kupitia Manyovu, siku nyingine alikwenda kwa lori, na ya tatu hakuwahi kuvuka mpaka kabisa kwa sababu ya miguu yake. Tulimsikiliza mara zote tatu.

Nyumbani kwake hakuwa na neno. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia mbuzi walioko bonde la pili, na sauti hiyo tuliisikia sote: "Huko unagawa mirija, hapa utagawa nini? Kachote maji!" Naye akaenda. Mwanamume mzima, mtungi begani, akipita katikati ya kijiji wakati ule ambao jambo hilo lilikuwa kioja. Basi watu waligeuza nyuso. Mwenye kuchambua maharage aliyainamia zaidi, mwenye kuongea alikohoa akatazama paa. Wakati ule nilidhani wanamhurumia. Siku hizi naona walikuwa wanajihurumia wenyewe, maana kama wangemwona Jumatatu na mtungi wa maji, Jumapili wangempokeaje mrija?

Hata wasiokunywa aliwapangia nafasi. Mwenye duka wetu alikuwa Mwislamu, mtu mwenye ndugu zake Ujiji na wengine pwani, mwenye Kiswahili kilichonyooka hata tukaona haya kufungua midomo mbele yake. Pombe hakuigusa. Lakini kila Jumapili Mgawaji alimpelekea mrija mkavu, usiolowekwa, na mwenye duka aliupokea kwa mikono miwili, akauchomeka ukutani juu ya mizani.

"Mimi sinywi, Bwana Mgawaji, wajua," alisema kila mara.

"Ego, najua. Huu si wa kunywa. Ni wa kukaa."

Nilimwona mwenye duka akiufuta vumbi ule mrija kwa ncha ya kanzu yake, siku ambayo hakujua kuwa natazama.

Mimi mwenyewe nilimpata Mgawaji darasani. Nilikuwa nafundisha elimu ya watu wazima chini ya paa la ghala la kijiji, jioni jioni, baada ya shamba. Aliketi nyuma kabisa. Nilipomwita mtu yeyote asome ubaoni, mtu huyo alisimama, akageuka nyuma kumtazama Mgawaji, akaketi tena. Wiki zikapita. Niliomba, nikabembeleza, nikafoka. Wanawake waliokuwa wanasoma vizuri kabisa wakinong'ona wenyewe waliponiona nawaelekea walifunga midomo. Hatimaye mjumbe wao mmoja akanijia pembeni, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo: "Mwalimu, yeye hajasoma bado. Tutaanzaje sisi?"

Na yeye asingesoma. Herufi zilimkataa. A na E aliziona ndugu, na akizitazama sana machozi yalimtoka. Nikakaa nyumbani nikawaza, na jioni iliyofuata nikampa yeye boksi la chaki.

"Mzee," nikasema, "naomba unisaidie kugawa."

Akalipokea. Akalitazama darasa, sura moja baada ya nyingine, polepole. Kisha akanyanyuka, akampa chaki mama mmoja mjane wa mstari wa pili, mama ambaye hakuwahi kutamka neno mbele za watu. Mama yule akaenda ubaoni akaandika jina lake lote, bila kosa. Tangu siku hiyo darasa likaenda. Mgawaji hakujifunza hata irabu moja, lakini hakukosa kipindi. Nilimpenda kwa hilo, na nilimwonea wivu pia, maana mimi ndiye niliyekwenda chuo.

Alikuwa na kauli yake moja aliyoipenda: "Mrija hauombwi." Ukimwomba, ulikosa, hata uwe nani. Vijana walimtania, "Mgawaji, nina kiu," akawajibu, "Mto uko kule." Basi watu walijifunza kuketi wakitazama pengine, wakizungumzia mvua, huku masikio yote yako kwenye kibuyu.

Baba hakuwa na kipaji cha kutazama pengine. Tulikuwa watu wa Titye, upande wa Kasulu. Alikuja Busunzu akiwa fundi mwashi, kujenga lile ghala, na siku ya kumchagua mwenyekiti milima ilipokataana, afisa aliyekuja kutoka Kibondo akachoka. Akamwona baba amesimama na mwiko mkononi. "Huyu je? Hana ugomvi na mtu." Mikono ikapanda yote kwa mara moja, kwa kasi ya watu wanaotaka kwenda nyumbani. Nilikuwapo. Baba aliitazama ile mikono na nikaona midomo yake inacheza kidogo. Jioni aliniuliza, "Walinichagua, au walimjibu yule bwana?"

Alikuwa mwenyekiti mwadilifu, na hakusikilizwa. Alfajiri aligonga rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mti mbele ya ofisi, kuwaita watu kwenye shamba la kijiji. Likalia mpaka mabondeni. Watu walisikia, wakaitika majumbani mwao, wakasema ndiyo ndugu mwenyekiti, tunakuja, wakaelekea kwenye migomba yao ya zamani huko juu. Baba akalima na familia yetu, na mwenye duka akatuma mtu. Mwisho afisa akaja tena, akaliona pori tulipopaswa kuwa na mahindi. Akamwambia baba mbele yangu kwamba mvua zikianza kabla shamba halijalimwa, kijiji kitapata mwenyekiti mwingine, mtu wa kuletwa, mwenye mkono mgumu. Tulijua maana yake. Kijiji cha jirani kilikuwa kimepata mtu wa namna hiyo, na watu wake walikuwa wanalala porini wakimkimbia.

Mawingu yalikuwa tayari yameanza kukaa juu ya milima. Baba akawa halali. Hakuogopa kuvuliwa ukubwa, aliwaogopea watu hao hao waliokuwa wanamwitikia ndiyo na kwenda zao. Na akashikwa na wazo lililomzunguka kama nzi: kwamba angepewa mrija wa kwanza, Jumapili moja tu, Jumatatu wangekuja shambani.

Hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mtoto wa Kiha hafanyi hata usingizini. Jumapili hiyo alikwenda kwenye pombe na mrija wake mwenyewe.

Alikuwa ameukata kijitoni, akaulainisha nyumbani kwa siri. Sikujua. Tuliketi, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma yao, ukungu ukiwa umeshuka mpaka mabegani mwetu, sauti zote zikawa laini na za mbali. Mgawaji akautoa mrija wa kwanza majini. Akaupuliza. Akaanza kuutazama mduara. Ndipo baba akaingiza mkono kwenye koti, akatoa wake, akauinamia mtungi.

Kwetu, mtu anayekuja na mrija wake anasema mambo mawili: kwamba anaogopa kulishwa sumu na wenzake, na kwamba amejiweka mwenyewe. Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume walirudisha vigoda vyao nyuma, taratibu, kila mmoja kidogo tu, na mtungi ukabaki katikati peke yake na baba yangu. Mama alinishika mkono, na kucha zake nikazisikia mfupani. Nilitamani ukungu ule uzidi kushuka utufunike sote, tuamke tukiwa Titye.

Mgawaji alisimama. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na watu wote waliiona, na wote tukajua ni hasira. Akamwendea baba. Akautoa ule mrija mkononi mwake, bila nguvu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Akautazama. Sote tulingoja auvunje.

Akautumbukiza mtungini, akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, macho amefumba. Kisha akaufuta kwa shuka yake, akamrudishia baba, akaketi chini palepale kando yake, asirudi mahali pake.

"Ahaa," akasema mzee mmoja wa mlima wa juu. "Kumbe."

"Amemwonjea," akasema mwingine. Sauti ikazunguka mduara mzima: amemwonjea, amemwonjea. Kwetu, pombe ya mkubwa huonjwa kwanza na mtu anayemwamini. Vigoda vikarudi mbele. Baba akanywa, na machozi yalimtoka, na mimi nililia waziwazi wala sikujali nani ananiona.

Asubuhi yake, rimu lilipogongwa, walikuja. Walikuja wa mlima wa juu na wa ng'ambo ya mto, wanawake na majembe, wazee na fimbo, na Mgawaji na jembe lake begani. Walilima wakiimba, na mvua ya kwanza ikawakuta wakipanda. Yule mtu wa mkono mgumu hakuletwa kwetu.

Ungedhani baba alifurahi. Alishukuru, ndiyo, lakini jambo lile lilimkaa kooni. Kila alipogonga rimu alijua kuwa watu hawaitiki rimu. Alimwogopa Mgawaji kuliko alivyomwogopa afisa, akawa anampisha njiani. Na Mgawaji naye alimpisha baba, hivyo ungewaona wawili hao, kila mmoja ameingia kwenye majani upande wake, njia ikabaki tupu katikati. Sisi vijana tulicheka sana. Muda wake ulipokwisha, baba hakugombea tena. Tukarudi Titye, na ule mrija akauchomeka juu ya mlango wetu, na haukuguswa.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini nilikuwa nafundisha Kasulu, nikaitwa kwenye mkutano wa walimu Kibondo. Lori lilipofika Busunzu nikashuka, nikasema nitapanda la kesho. Nilimkuta Mgawaji nje ya nyumba yake, kwenye mkeka, macho yamekwisha. Mkewe alinikaribisha kwa sauti ile ile. Niliinama nikamsalimu, "Mwidiwe," naye akakishika kiwiko changu akakitikisa kwa muda mrefu kama anavyosalimiwa ndugu.

"Mwalimu wa chaki," akasema.

Siku hizi, aliniambia, vijana wanakunywa kwa vikombe vya plastiki, kila mtu na chake, na anayelipa ndiye anayeanza. Hakulalamika. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Jua lilikuwa linaingia na kutoka mawinguni, na kuku walikuwa wanapita juu ya miguu yetu. Nikaona kwamba nisipomuuliza leo sitamuuliza tena.

"Mzee, nani alikuweka kwenye mirija?"

Mkewe, aliyekuwa anamenya mihogo, akacheka puani. "Mwambie," akasema. "Unaogopa nini tena?"

"Hakuna," akasema Mgawaji. "Ile Jumapili ya kwanza tulipoteremshwa, mtungi ulikuwapo, mirija ilikuwa kwenye kibuyu, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Kila mtu anamtazama mwenzake. Mimi nilikuwa na kiu, mwana wanje. Nikauchukua mmoja. Wote wakanigeukia. Nikaona haya kunywa, nikampa aliyekuwa karibu. Akapokea! Nikachukua mwingine, nikampa mwingine. Naye akapokea." Akatikisa kichwa, kama bado hajaamini. "Nikawa nangoja mtu aniulize. Kila Jumapili nilijua ni leo. Hawakuniuliza."

"Na baba yangu? Mbona ulimweka nyuma?"

"Nilimwogopa. Yeye alikuwa na muhuri. Ni yeye peke yake aliyekuwa na haki ya kusema, wewe mzee, nani kakuweka? Nikamweka mbali na kibuyu. Siku ile alipotoa mrija wake kwenye koti nikasema basi, ndiyo leo."

"Lakini ulimwonjea."

"Kuonja gani?" Akageuza uso kuitafuta sauti yangu. "Mdomo ulikuwa umekauka kwa woga. Nilikwenda nimwombe msamaha, ulimi ukakataa kutoka. Mrija ulikuwa mkononi, pombe iko pale. Nikanywa. Nilipofumbua macho nikasikia wanasema amemwonjea. Nikaketi, maana magoti yalikuwa hayanibebi."

Mkewe alicheka mpaka kisu kikamwanguka. Mimi nilitaka kucheka, nikashindwa.

Nilipofika Titye nilimkuta baba nyuma ya nyumba, ananoa jembe. Nikamweleza yote, neno kwa neno, hata kile kicheko. Aliacha kunoa. Akaketi juu ya jiwe lake la kunolea, akatazama bonde, ambako ukungu ulikuwa unaanza kupanda kutoka mtoni, nikadhani amekasirika.

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu niliyekaa pale bila kuwekwa na mtu."

Akanyanyuka, akaingia ndani. Nilisikia kigoda kikiburutwa mpaka mlangoni. Alipotoka alikuwa na ule mrija, umekauka na kugeuka rangi ya nyasi, na ufa mdogo umeanza kwenye ncha.

"Lori la Kibondo hupita saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia ni asubuhi.

"Basi niletee maji ya moto kidogo."